Ng'ombe wa Meza ya Bustanini

Mama Joyness alitaka ng'ombe kumi na wawili. Wa mti, si wa plastiki kama wale wanaouzwa stendi. Kumi na mmoja wawe wa kimo cha chupa ya soda, kila mmoja na tundu mgongoni la kusimamishia mshumaa. Wa kumi na mbili awe dume, mkubwa kuwazidi wote, akae katikati ya meza mpya ya bustanini, "ili mgeni akivuta kiti ajue amekaa kwa nani." Binti yake Joyness alikuwa anaagwa kwenda kuolewa, baada ya Pasaka, na nusu ya wakubwa wa Babati walikuwa wameshapewa kadi.

Fundi aliyepewa kazi hiyo ni Yoakimu Gidabarda wa Nangara. Msidhani alipewa kwa sababu mkono wake ni mzuri, ingawa ni mzuri kweli. Alipewa kwa sababu siku hiyo, mwisho wa Januari, alikuwa amekuja mwenyewe, amevua kofia, anaomba. Na mtu anayeomba hapangi bei.

Alikuja kuomba kaburi.

Baba yake, mzee Gidabarda, alikufa mwaka sabini na tisa kule tambarare chini ya mlima Hanang, na hakufukiwa kama mtu wa hivi hivi. Alijengewa bung'eda, lile kaburi la heshima la udongo na miti ambalo huinuliwa mpaka linapita kimo cha mtu. Lilijengwa kwa miezi, watu wakija kutoka mbali kunywa pombe ya asali, maana alikuwa mzee aliyeamua kesi za watu bila kula ng'ombe wa mjane. Siku ya mwisho mama yake Yoakimu alimshika mwanawe wa miaka saba, akamvua mkononi bangili ya chuma, ile yenye mikato mitatu kama mikato ya masikio ya ng'ombe wa baba yake, akaitundika kwenye panda ya mche wa mringaringa uliopandwa upande wa kichwa.

"Mkono wako utakua," alimwambia. "Na huu mti utakua. Mtajuana."

Halafu likaja shamba la ngano. Walioleta shamba walikuwa na ramani, na kwenye ramani ile hapakuwa na mtu, hapakuwa na ng'ombe wala marehemu. Trekta zilipita juu ya wazee wa watu kama zinapita juu ya samadi. Kaburi la mzee Gidabarda lilipona kwa sababu lilikuwa kwenye kona yenye mawe, na dereva wa trekta alikuwa mwoga. Asiyekuwa mwoga ni nyapara. Kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, buti nyekundu, kiboko mkononi. Mwaka themanini na tatu alimkuta mama yake Yoakimu anavusha ndama wawili pembeni ya ngano. Alimchapa mpaka mama akajikojolea mbele ya mtoto wake. Alipochoka, alimgeukia mtoto.

"Mfute mama yako," alisema.

Nyapara huyo ndiye Sosthenes, Baba Joyness wa leo. Shamba la ngano lilipokufa na kugawanywa, waliochapwa walisomewa risala, waliochapa wakapewa ekari. Sosthenes alipata mia mbili, na ile kona ikiwa ndani yake.

Kwa hiyo Yoakimu alikuwa anajua anamwomba nani. Lakini alikuwa amesikia sokoni kwamba msimu huu Baba Joyness anapanua maharage yake mpaka kwenye kona, na hapo ndipo alipovua kofia akapanda Bagara, nyumbani kwake.

"Shikamoo, Baba Joyness."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa yule..." Sosthenes alichezesha vidole hewani akitafuta. "Yule mama wa ndama."

"Ndiye."

"Yupo?"

"Alishafariki."

"Pole. Alikuwa mbishi yule mama." Akacheka kidogo, kama mtu anayekumbuka mchezo wa shuleni. "Haya, kaburi. Nasikia wewe ni fundi. Mke wangu ananiua na hiyo meza yake ya nje. Mtengenezee mapambo anayotaka, usinidai hata mia, na mimi ile kona siigusi. Unataka niandike?"

"Ukiandika nitashukuru, baba."

Aliandika, kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari: kuanzia leo sitaigusa kona yenye kaburi la mzee Gidabarda. Akaweka tarehe, akaweka saini yenye mikia mingi. Yoakimu aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Na mti nakupa mwenyewe," Sosthenes aliongeza. "Mringaringa safi. Ulikuwa hapa nyuma ya nyumba unanipasulia ukuta, nimeuangusha."

Kesho yake pikapu ilimwaga magogo manne Nangara, mbele ya banda la Yoakimu.

"Mbichi," alisema, akiligonga gogo la kwanza kwa kisigino cha tezo. "Kwa kitu cha kukaa nje, juani na mvuani, mti mbichi ni ugomvi."

"Si ungemwambia?" alisema Paskalina, mke wake.

"Kumwambia nini? Nina kaburi pale."

Akafanya kama mafundi wanaojua wanavyofanya. Alikata vipande, akachonga umbo la juu juu tu, mgongo, shingo, tumbo, bila masikio wala pembe, akavifukia vyote ndani ya maranda ya mti uleule vikauke taratibu visije vikapasuka. Wiki nne. Maranda yaliyozidi Paskalina alipikia. Yalikuwa yanawaka vizuri, yana harufu tamu, na chai ya asubuhi ilikuwa inachemka kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. "Mti wa tajiri hata moshi wake una adabu," Paskalina alitania, na walicheka, wakanywa.

Alipovifukua vipande, Yoakimu aliingia kazini kwa moyo ambao hakuwa amepata kuutia kwenye kazi ya mtu. Ng'ombe hawakuwa wa kubuni. Aliwachonga kwa kumbukumbu, mmoja mmoja, kama walivyokuwa wakitoka zizini alipokuwa mtoto. Yule wa pembe iliyovunjika. Yule mwenye nundu iliyolalia upande. Yule mweusi aliyekuwa anapiga teke kila anayemkamua isipokuwa mama yake. Na kila alipofika kwenye masikio, kwa ncha ya patasi ndogo, alikata mikato mitatu. Hakuna atakayeiona, alijisemea, lakini Sosthenes na wageni wake watakula wamezungukwa na ng'ombe wa baba yangu. Alilipenda wazo hilo. Maskini hupenda vitu kama hivyo, ushindi ambao adui haujui.

Gogo la tatu ndilo lililoanza kumsumbua. Ndani ya kahawia ya mringaringa kulikuwa na mshipa wa bluu iliyokaribia kuwa nyeusi. Kila fundi anajua hiyo ni nini. Mti ukila chuma, chuma hutapika rangi. Alidhani ni msumari, au waya wa kuanikia nguo, maana mti wa nyuma ya nyumba ya watu haukosi waya. Mshipa ulikuwa unakwenda chini, kuelekea gogo la nne. Akaliweka gogo la nne kando kwa ajili ya yule dume, awe wa mwisho, asije akaua tezo kabla kazi haijaisha.

Wiki ya mwisho kabla ya Pasaka Mama Joyness alikuja na gari kuangalia. Alishika ng'ombe mwenye mshipa wa bluu, akampapasa kama paka.

"Jamani! Hii bluu umeipaka?"

"Hapana, mama. Ni waya wenu wa kuanikia nguo. Mti uliumeza."

"Waya gani?"

"Wa nyuma ya nyumba. Mti si ulikuwa nyuma ya nyumba?"

"Nyuma kwetu kuna kisima na banda la kuku. Mti ulitoka wapi tena?" Alikuwa ameshamgeuza ng'ombe kuangalia kwato. "Labda huyo mzee alikuwa anasema nyumba nyingine. Fanya wote wawe na bluu, basi."

Aliondoka. Yoakimu alibaki ameshika msasa. Paskalina alikuwa amesikia kila neno kutoka jikoni.

"Baba Edda," alimwita, kwa jina la binti yao mkubwa. "Nenda Hanang kesho. Panda basi ukaangalie."

"Mkono mtupu?"

Kwao mtu haendi kwa baba yake aliyelala hivyo mkono mtupu, na hasa akiwa na shaka naye. Huenda na pombe ya asali. Na asali ilikuwa bado kwenye kibuyu nyuma ya jiko, haijachacha vizuri. Nta yake ndiyo ilikuwa kwenye kopo pale bandani, ameichanganya na mafuta, anawapaka ng'ombe ili mvua isiwaingie.

"Pombe itaiva baada ya Pasaka," alisema. "Nitaenda na pombe, nimwambie baba nimemlinda. Karatasi ninayo."

Aliigusa karatasi. Wote wawili walikuwa wameshajua, lakini kujua ni kitu kimoja, na kukubali kulihitaji tezo.

Tezo ilikubali Ijumaa asubuhi, baada ya Pasaka, siku moja kabla ya sherehe. Yoakimu alikuwa anatoa bega la dume, pigo la tatu likalia. Halikulia kama msumari. Lilitoa mlio mrefu wa kitu cha mviringo. Aliweka tezo chini, akachukua patasi ndogo, akaanza kuchokoa, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto vumbi jichoni. Kwanza ilionekana kama mdomo mweusi ndani ya mti. Halafu nusu duara. Alipuliza vumbi. Akapitisha kucha juu ya chuma.

Mkato. Mkato. Mkato.

Mti ulikuwa umekua kuizunguka bangili mpaka ukaifumba. Miaka arobaini na kitu umeishika, haukumpa mtu.

Paskalina alikuja na kikombe cha chai, akaona anachokiangalia. Alikuwa anaijua hadithi ya bangili tangu siku za uchumba. Akageuka akatazama jiko, maranda yakiwaka, sufuria inachemka. Aliinama akatapika pale pale mlangoni.

"Chai yote ile," alisema. "Miezi miwili, Baba Edda. Chai yote ile."

Alizima moto kwa mikono, akaanza kuyakusanya majivu kwenye kiroba, hata yale ya nyuma ya choo, hata yaliyotupwa kwenye mboga, anachambua udongo kwa vidole.

Mtu mwingine angechoma ng'ombe wote. Yoakimu alikaa akafikiri mpaka adhuhuri, akaamua kuwapeleka. Alikuwa na imani moja iliyobaki, na ndiyo iliyommaliza: aliamini tajiri akivuliwa nguo mbele ya watu ataona aibu.

Jumamosi saa tisa mchana alifika Bagara na ng'ombe kumi na mmoja ndani ya mfuko, na kile kipande cha dume ambaye hakuisha amekikumbatia kifuani. Turubai jeupe, viti vya kitambaa, mbuzi wawili wanachomwa pembeni. Mama Joyness alimpokea kwa kelele, akawapanga ng'ombe mwenyewe mezani, mishumaa migongoni.

"Na dume?"

"Dume nitamweleza mwenyewe, mama. Mbele ya wote."

Mshereheshaji, kijana wa suti inayong'aa, alikuwa anapita na kipaza sauti. Akadaka neno hilo hilo. "Wageni wapendwa, tulieni! Fundi ana zawadi, anataka kuieleza! Makofi kwa fundi!"

Wakapiga. Yoakimu alipewa kipaza sauti. Hakuwa amewahi kushika kimoja, na sauti yake ilipotoka ilimshtua mwenyewe.

"Hawa ng'ombe ni wa mti uliokuwa kichwani pa kaburi la baba yangu," alisema. "Baba Joyness aliniahidi kaburi halitaguswa, nikafanya kazi bure. Kumbe ameshalima. Amenipa mti wa kaburi la baba yangu niuchonge kwa mikono yangu, aupambie meza. Hii hapa bangili yangu. Mama yangu aliitundika mwenyewe. Huyu mnayemla mbuzi wake alimchapa mama yangu nikiona."

Hata wachoma nyama waligeuka. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa ameweka kijiko chini.

"Baba, ni kweli?"

Sosthenes alisimama. Hakuharakisha. Alimfikia Yoakimu, akachukua kile kipande kwenye kifua chake kama mtu anavyopokea mtoto kwa ubatizo, akakiinua watu wote wakione.

"Ni kweli tupu, mwanangu," alisema. "Kwani ulidhani mti wa dukani ungekuwa na historia kama hii? Tazameni wenyewe. Bangili imemezwa na mti! Nani kati yenu ana pambo kama hili nyumbani kwake?"

Mtu mmoja alicheka kwa mshangao. Kisha simu zikaanza kuinuliwa kupiga picha.

"Karatasi!" Yoakimu alipaza sauti, ameitoa mfukoni. "Uliandika!"

Sosthenes alivaa miwani, akaisoma kwa kipaza sauti. "'Kuanzia leo sitaigusa.' Tarehe ishirini na nane Januari. Kona niliilima tarehe kumi na tano. Wazee, tangu niandike, kuna aliyeniona nimeigusa?"

"Na maharage?" Yoakimu alimwuliza.

"Maharage amepanda Xaveri, mlinzi wangu."

Hapo ndipo walipoangua kicheko, hema zima, na mshereheshaji akapiga goti chini kwa kucheka. Na hicho ndicho kicheko ambacho Yoakimu hakuwa amekitengea mahali. Alikuwa amejiandaa kukanwa, hata kupigwa. Hakuwa amejiandaa kuaminiwa na wasijali.

Mama mmoja wa Singe, mwenye kilemba cha dhahabu, alimvuta shati. "Fundi, mimi nina meza ya nje kama hii hii. Nitengenezee na mimi. Huna kaburi lingine?"

Mama Joyness alikuwa ameshakiweka kile kipande katikati ya meza. Alirudi nyuma, akakiangalia kwa jicho la mtu wa mapambo, akaona bangili imetokeza nusu na kuacha kijitundu. Akachukua vijiti vya kuchokolea meno, kifungu kizima, akavichomeka ndani ya bangili. Vilienea kama vilipimiwa.

Yoakimu aliruka kukichukua. Wanakamati wawili walimshika mikono, kwa upole, bila hasira, kama wanamsindikiza mlevi wa ukoo.

"Apelekwe nyuma apewe pilau," Sosthenes alisema. "Asiondoke na njaa, watu watasema."

Jambo la mwisho aliloliona, akigeuzwa, ni padri mstaafu mmoja akinyoosha mkono katikati ya meza, akichomoa kijiti kwenye bangili yake, akifunika mdomo kwa adabu, akichokoa nyama.

Jumatatu Yoakimu na Paskalina walipanda basi la asubuhi. Yeye alibeba kibuyu cha pombe ya asali, mkewe kiroba cha majivu. Waliingia shambani bila kumwuliza mtu. Yoakimu alikuwa na hesabu ya mama yake kichwani: kutoka kwenye mawe, hatua tisini kuelekea mlima, utauona mti. Mawe yalikuwa yameng'olewa. Mti unajulikana ulipo. Mlima ulikuwepo, lakini mlima hausaidii mtu asiye na pa kuanzia. Mbele yao kulikuwa na mistari tu ya maharage yenye majani mawili matatu, imenyooka, inafanana, mpaka mwisho wa macho.

Xaveri, mlinzi wa shamba, alikuja na panga begani. Alikuwa mtu mzima, akaona aibu kuwafukuza.

"Lilikuwa hapa?" Yoakimu alimwuliza. "Au pale?"

"Mzee wangu, mimi nilikuta pameshalimwa. Huenda hapa. Huenda na pale."

Yoakimu alifungua kibuyu. Alichagua mstari wa kwanza, akainama, akaanza kumwaga, kidogo kidogo, hatua kwa hatua, Paskalina nyuma yake akinyunyiza majivu. Walifika mwisho wa mstari. Xaveri alikuwa ametoa simu, maana kazi ni kazi, na ameiweka sauti ya juu kwa sababu spika ya sikioni ilikuwa imekufa.

"Bosi, kuna mzee hapa kwenye kona na mkewe. Anayamwagia maharage yako pombe."

"Ana kofia?"

"Kaivua, bosi."

Kicheko kilitoka kwenye simu, kikasambaa juu ya maharage, na nyuma yake vyombo vya chai vililia.

"Mwache amalize. Mvua yenyewe ya mwaka huu ndogo. Mwambie asiruke mstari."

Xaveri alirudisha simu mfukoni. Hakukuwa na haja ya kuwaambia, walikuwa wameshasikia. Yoakimu alikitikisa kibuyu karibu na sikio, akapima kwa mlio kilichobaki. Kona yote ilikuwa na mistari arobaini na minne.

Akaingia mstari wa pili.